Kifaranga asiyetarajiwa tangini: umwache humo, umtie kisandukuni au umpe tangi lake?

Mtu akiona kifaranga kwenye tangi la samaki bila kutarajia, mkono huenda moja kwa moja kwenye wavu. Wavu usubiri kwanza. Kifaranga unayemwona leo huenda ana siku tano au wiki nzima humo ndani. Amejificha kwenye mimea au nyuma ya kichujio, amekula alichokipata, na amewakwepa wakubwa. Ukimtoa, unamwondolea adui mmoja, yaani midomo ya samaki wenzake, lakini unamkabidhi kwa wawili wapya: njaa na amonia, sumu itokanayo na kinyesi na chakula kinachooza majini. Uamuzi wote uko hapo. Njia inayokufaa ni ile ambayo, kwa muda ulio nao na idadi uliyoikuta, hao maadui wawili wapya hawatamuua kabla ya yule wa zamani.

Njia ziko nne: kumwacha alipo, kumtia kwenye wavu au kisanduku kinachokaa ndani ya tangi, kutumia kisanduku kinachoning'inia nje ya kioo, au kumpa tangi lake. Kuna na ya tano ambayo wengi huanza nayo, ya bakuli au jagi mezani. Hiyo inafaa kwa saa chache tu unapotafuta vifaa. Maji ya bakuli hupoa usiku, hayana bakteria wa kusafisha, na mlo mmoja uliozidi unatosha kuyaharibu. Ikibidi ulale nayo, tumia chupa safi yenye mdomo mpana, uiweke ielee juu ya maji ya tangi kubwa ili joto liwe lilelile, na ubadilishe nusu ya maji asubuhi na jioni.

Kwanza umtambue

Kamera ya simu iliyovutwa karibu inatosha. Unatafuta ukubwa, mahali anapokaa, na namna anavyotembea.

Gapi, moli, plati na mkia-upanga huzaa vifaranga hai. Kifaranga wao huzaliwa akiwa na milimita 6 hadi 10, macho makubwa, na tangu saa ya kwanza anaogelea na kula kama samaki kamili. Hupenda kukaa juu, karibu na mimea inayoelea. Jike wa jamii hii huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo jike aliyeletwa peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa, takriban kila wiki nne, bila dume hata mmoja tangini. Ukimwona kifaranga mmoja wa gapi, tarajia wenzake, kama si leo basi mwezi ujao.

Danio, tetra, barbi na samaki wa dhahabu hutaga mayai. Kifaranga wao hutoka yaini akiwa na milimita 3 hadi 5, mwili unaopenyeza mwanga, kama kipande cha uzi kilichotiwa macho. Siku za kwanza hunata kwenye kioo au jani na haogelei, maana bado anaishi kwa kiini cha yai kilicho tumboni mwake. Akiwa katika hali hiyo usimlishe chochote, chakula kitaoza tu. Anza kulisha siku anapoanza kuogelea akiwa mlalo.

Corydoras na Ancistrus ni samaki wa chini. Vifaranga wao huonekana kwenye changarawe au wamejibandika kwenye kioo, wakiwa tayari na umbo la wazazi. Sikilidi wengi ni walezi: ukiona wazazi wawili wanafukuza kila anayekaribia kona fulani, watoto wako hapo, na walinzi hao wanafanya kazi kuliko kisanduku chochote. Mbuna wa Ziwa Nyasa nao hubeba mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, kisha huachia vifaranga wa karibu sentimita 1 ambao hula chakula kilichosagwa siku hiyohiyo.

Yuko pia asiye na wazazi tangini kabisa, aliyekuja kama yai lililonata kwenye mmea mpya. Huyo mkuze pembeni hadi ajulikane ni nani, kwa sababu anaweza kuwa mdogo wa amani au mla wenzake.

Na usisahau kwamba mimea hiyohiyo huleta lava (watoto) wa kereng'ende. Ukiona mdudu mwembamba mwenye miguu sita na vipande vitatu bapa mwishoni mwa mkia, huyo si samaki. Ni mwindaji wa vifaranga, mtoe.

Kumwacha alipo

Hii ndiyo njia inayodharauliwa zaidi, na kwa kifaranga mmoja au wawili wa gapi mara nyingi ndiyo bora. Tangi la lita 100 lenye miezi kadhaa lina maji tulivu, bakteria wa kutosha, na utando wa vijidudu juu ya majani na mawe ambao kifaranga huudonoa kutwa nzima. Hakuna chombo kidogo utakachokiandaa leo kikafikia hapo.

Linafaa kwa masharti matatu. La kwanza ni midomo: pakiwa na malaika-samaki, barbi wakubwa, sikilidi au samaki wa dhahabu, usijidanganye. Gapi wazima nao hula watoto wao, lakini si wawindaji wa bidii wakiwa wameshiba. La pili ni maficho. Mimea inayoelea ifunike angalau robo ya uso wa maji, na pawe na rundo zito la Ceratophyllum, Najas au mosi wa Java mahali pamoja. Rundo moja nene linafaa kuliko vishada vitano vilivyotawanyika, kwa sababu kifaranga akitoka kichaka kimoja kwenda kingine ndipo anapoliwa. Kama huna mimea, mawe ya mviringo yaliyopangwa yakaacha nyufa nyembamba husaidia kwa muda.

La tatu ni kichujio, na hapa hupotea wengi kuliko wanavyodhani wenye tangi. Kifaranga wa milimita 6 hupita kwenye matundu ya bomba la kufyonza bila shida. Vika mdomo wa bomba sponji yenye vitundu vidogo, iliyotobolewa katikati ili ikae kwa kubana. Soksi ya nailoni iliyofungwa kwa uzi hufanya kazi usiku wa kwanza, ila huziba haraka. Dalili ya kuziba ni maji ya kurudi kupungua nguvu. Toa sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi, si chini ya bomba la maji yenye klorini, kila wiki. Ukishafanya hivyo, fungua kichujio chenyewe na uchungulie ndani. Si ajabu kukuta vifaranga wazima wanaishi humo, wanene kuliko walio nje, maana chakula chote hupitia hapo na hakuna mkubwa wa kuwabughudhi.

Kulisha ndiyo taabu. Chakula cha vifaranga kikitupwa tu juu ya maji huishia kwa wakubwa. Walishe wakubwa upande mmoja kwanza. Wakiwa wamekusanyika huko, chukua sirinji isiyo na sindano au kidondoshi, uachie chakula cha wadogo katikati ya rundo la mimea upande wa pili.

Kubali hasara. Katika vifaranga thelathini wa gapi walioachwa hivi, utakaowaona wakikua ni wachache. Kwa mtu asiyetaka tangi lijae, hiyo si hasara.

Kisanduku cha ndani na cha nje

Hivi viwili vinafanana kwa jina lakini tabia zao zinatofautiana.

Cha ndani kiko cha wavu wa nailoni uliovikwa fremu, na cha plastiki chenye matundu au nafasi nyembamba. Cha wavu hupitisha maji vizuri kikiwa kipya. Baada ya siku chache utelezi hufunika nyuzi na maji ya ndani huanza kutuama ingawa kwa macho hakijabadilika. Kipime hivi: dondosha tone la maji ya tope la sponji ndani yake uangalie. Wingu likikaa palepale kwa dakika nzima, wavu umeziba. Usugue kwa mswaki laini. Kasoro yake nyingine ni kwamba wakubwa hunyonya mapezi ya vifaranga kupitia wavu kwa chini. Ukiona mikia imechanika bila ugonjwa, sababu ni hiyo. Weka safu ya mosi chini ili vifaranga wasilale juu ya wavu mtupu.

Cha plastiki huzuia midomo lakini huzuia na maji pia. Kielekeze ili maji yanayotoka kwenye kichujio yapite pembeni yake, au ingiza kipira (mrija) cha hewa chenye jiwe dogo kikitoa mapovu polepole. Nafasi zake zimepimwa kwa vifaranga wa gapi, hivyo wa danio na tetra hupenya wote usiku mmoja. Vile vyenye kizuizi cha kumweka jike mwenye mimba vina hatari yake: jike aliyebanwa siku tatu hudhoofika, na wengine hutoa vifaranga kabla ya wakati wakiwa bado na kiini tumboni. Kama jike keshazaa, humhitaji ndani ya kisanduku kwa dakika moja zaidi.

Cha nje kinaning'inia ubavuni mwa kioo. Pampu ya hewa hupandisha maji ya tangi kubwa kwa kipira chembamba hadi kisandukuni, nayo hurudi yenyewe kupitia nafasi za upande wa pili. Kwa maoni yetu hiki ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa mtu mwenye vifaranga chini ya ishirini: maji ni yaleyale ya tangi kubwa, midomo haifiki, na unawaona vizuri. Fungua hewa kiasi cha mapovu mawili matatu kwa sekunde. Zaidi ya hapo, vifaranga wanahangaika kupambana na mkondo na chakula chote hutoka. Njia ya kurudishia maji izibe kwa kipande cha sponji. Weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye kipira, au pampu iwe juu kuliko maji, la sivyo hewa ikikatika maji hushuka kwenye pampu.

Udhaifu wake ni umeme. Pampu ikizimika, lita mbili za maji zilizo nje ya tangi hupoa haraka kuliko tangi lenyewe na hewa ndani yake huisha. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa moja hivi, kisanduku cha nje kishushwe, vifaranga wahamishiwe kwenye wavu ndani ya tangi kubwa hadi urudi.

Vyote hivi, vya ndani na vya nje, ni makazi ya wiki mbili hadi nne. Kisanduku cha lita 1 au 1.5 chenye zaidi ya vifaranga kumi wa wiki mbili tayari kimejaa. Utaona wengine wanakua na wengine wamebaki vilevile. Huo si ukoo mbaya, ni msongamano na chakula kutowafikia wote.

Tangi lake mwenyewe

Hili ndilo lenye matokeo mazuri kuliko yote kwa wingi na kwa ukuaji, na ndilo linaloua haraka kuliko yote likiandaliwa vibaya. Wengi huchagua chombo kidogo kwa kuwa samaki ni mdogo. Ni kinyume chake: lita 20 ni rahisi kulea kuliko lita 5, kwa sababu uchafu uleule unagawanyika kwenye maji mara nne.

Unahitaji pampu ya hewa, kichujio cha sponji, hita ya wati 25, kipimajoto, kifuniko, na kishada cha mosi kutoka tangi kubwa. Chini paachwe bila changarawe ili uone kila kipande cha chakula kilichobaki. Kichujio cha sponji kina kazi mbili hapa: hakifyonzi kifaranga, na utando wake ni malisho.

Maji ya kwanza yote yatoke tangi kubwa. Lakini maji peke yake hayatoshi, kwani bakteria wanaokula amonia hawaelei kwa wingi majini. Wamejishika kwenye sponji, mawe na changarawe. Kwa hiyo chukua sponji iliyotumika kwenye tangi kubwa kwa wiki tatu au zaidi uihamishe ilivyo, bila kuiosha. Kama huna, kamua sponji ya kichujio kikubwa juu ya sponji mpya, tope liingie ndani yake. Sponji mpya kabisa ni pambo tu kwa wiki za mwanzo.

Kwa vifaranga wa mayai anza na maji ya kina cha sentimita 10 hivi, chakula kisitawanyike mbali nao, kisha ongeza kadiri wanavyokua. Hapo hita ilazwe mlalo, yote ikiwa imezama. Hita iliyoachwa wima huku nusu yake iko hewani hupata joto upande mmoja na kioo chake hupasuka. Joto liwe sawa na la tangi walikotoka. Kwa samaki wengi wa maji ya joto, nyuzi 25 au 26 zinafaa. Samaki wa dhahabu hawahitaji hita katika chumba chenye joto la kawaida.

Ratiba ya maji ni asilimia 10 hadi 20 kila siku kwa wiki tatu za mwanzo. Fyonza chini kwa kipira cha hewa, kile chembamba cha milimita 4 hadi 6, huku mwisho wa pili uko kwenye ndoo nyeupe. Weupe wa ndoo una maana: kifaranga aliyefyonzwa kwa bahati mbaya utamwona, umrudishe kwa kikombe. Maji ya kurudishia yatoke tangi kubwa, nalo ndilo ulijaze kwa maji mapya yaliyoondolewa klorini. Yaingie kwa kudondoka kupitia kipira kilichofungwa fundo legevu. Kumwaga jagi zima kwa mkupuo kunabadilisha joto ghafla na kuwarusha wadogo ukutani.

Amonia na nitriti zisomeke 0 kwenye kipimo. Ukiona amonia miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi ya maji palepale na upunguze chakula. Angalia na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: amonia yenye sumu kali ni ile isiyo na chaji, na kwa nyuzi 25 ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote maji yakiwa na pH 7, lakini hufika karibu asilimia 5 kwenye pH 8. Ndiyo maana kipimo kilekile huvumilika kwenye tangi moja na kuua kwenye jingine. Dalili kwa macho ni vifaranga kukaa juu wakihema, mapezi yakiwa yamebanwa mwilini, huku matamvua yakienda mbio.

Jambo moja linalosahaulika ni utando wa mafuta juu ya maji. Vifaranga wengi hupanda juu siku zao za mwanzo kumeza hewa ya kujaza kibofu cha kuelea. Uso ukiwa na mafuta hawafaulu, na hukua wakirukaruka chini bila kuweza kuelea. Pitisha karatasi laini isiyo na manukato juu ya maji kila asubuhi. Kwa beta na gurami ongeza kifuniko kinachobana: kiungo chao cha kupumulia hewa huundika kati ya wiki ya tatu na ya sita, na kinahitaji hewa ya juu ya maji iwe na joto na unyevu.

| Njia | Inawafaa | Kazi ya kila siku | Kinachoua kwanza |
|---|---|---|---|
| Kuacha tangini | kifaranga mmoja hadi watatu wa gapi, vifaranga wa Ancistrus, sikilidi wenye wazazi walezi | ndogo | midomo, bomba la kufyonza |
| Wavu au boksi la ndani | vifaranga hai chini ya kumi, kwa wiki mbili hivi | kusafisha chini na kusugua wavu | maji kutuama |
| Kisanduku cha nje | chini ya ishirini | kulisha, kufyonza mabaki | umeme kukatika |
| Tangi la lita 20 | wengi, au wowote wa mayai | kubadilisha maji na kulisha mara 3 hadi 5 | amonia, njaa |

Chakula: kipi kwa mdomo upi

Kifaranga hawezi kula kilicho kikubwa kuliko jicho lake. Kanuni hiyo ya macho haijakosea sana.

Chakula cha vipande kilichosagwa hadi kuwa vumbi kinawatosha gapi, moli, plati na mbuna tangu siku ya kwanza. Kisagie kati ya vijiko viwili, chovya ncha ya kijiti cha meno kilicholowa, na kiasi kilichonata ndicho mlo wa vifaranga kumi. Kinakuza, lakini polepole kuliko chakula hai, na kinachobaki huoza ndani ya saa chache.

Artemia wachanga, yaani kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, ndio chakula bora kwa yeyote anayeweza kuwameza. Wana takriban nusu milimita na hucheza majini, jambo linaloamsha hamu ya kuwinda. Kutotolesha: maji lita 1, chumvi isiyo na madini ya joto gramu 25 hadi 30, nusu kijiko cha chai cha mayai, hewa kali kutoka chini ili mayai yasitulie, joto nyuzi 26 hadi 28, na taa. Baada ya saa 24 hivi maji hugeuka rangi ya chungwa. Zima hewa, subiri dakika kumi, elekeza tochi sehemu ya chini ya chupa. Maganda huelea, artemia hukusanyika penye mwanga, nawe unawafyonza kwa kipira ukiwapitisha kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana na kuwasuuza kwa maji baridi. Maganda yasiingie kwa vifaranga. Hayasagiki na huziba matumbo. Wape wakiwa wabichi, kwani kiini wanachokuja nacho hupungua kila saa. Ukitazama kwa karibu robo saa baada ya mlo, matumbo ya vifaranga yanaonekana ya rangi ya chungwa kupitia ngozi. Asiye na rangi hiyo hakula, na akikosa mara mbili mfululizo, chakula ni kikubwa kwake au wenzake wanamzidi nguvu.

Mayai yakikataa kutotolewa, mara nyingi chanzo ni unyevu uliowaingia kwenye kopo, maji yaliyopoa chini ya nyuzi 24, au hewa dhaifu.

Infusoria, yaani vijidudu vya maji visivyoonekana vizuri kwa macho, ndivyo vya kuwaanzishia danio, tetra, beta na gurami. Tia jani la letusi lililochovywa maji ya moto ndani ya chupa ya maji ya tangi, uiache penye mwanga bila kuifunga kabisa. Siku za mwanzo maji huwa meupe na kunuka: hao ni bakteria. Kati ya siku ya nne na ya saba huanza kung'aa tena, na ukimulika tochi unaona vumbi linalotembea. Hapo ndipo yako tayari. Tatizo liko wazi: chakula kinachukua siku nne, na kifaranga aliyemaliza kiini chake hawezi kusubiri hivyo. Kwa kifaranga wa ghafla, kamulia tope kidogo la sponji na mosi wa zamani kwenye chombo chake siku hiyohiyo, huku chupa ikiendelea kuiva. Baada ya siku 5 hadi 7 jaribu artemia.

Minyoo midogo inayofugwa juu ya uji mzito wa shayiri uliopoa na kunyunyiziwa hamira ni ya kati. Ni myembamba kuliko artemia, haihitaji chumvi wala hewa, na ndani ya siku chache hupanda kuta za kopo, unaipangusa kwa kidole. Kasoro yake ni kuzama haraka. Inawafaa Corydoras kuliko wanaokaa juu.

Kiini cha yai lililochemshwa husifiwa sana. Sisi tunakiweka mwisho. Chembe zake ni ndogo kweli, lakini punje moja iliyozidi huchafua lita 20 usiku mmoja. Ukikosa kingine, funga kiasi cha kichwa cha pini kwenye kitambaa, kikamulie ndani ya kikombe cha maji, toa matone machache tu, na ufyonze chini baada ya saa moja.

Ancistrus hawana haja ya yote haya. Kipande cha tango au boga changa kilichochemshwa dakika mbili, kikabanwa chini, na kipande cha mti mkavu wa tangini vinawatosha. Toa mboga kabla ya saa 24 kwisha.

Kwa hali yako

Kifaranga mmoja wa gapi, tangi lina mimea, hakuna samaki mkubwa: mwache, vika bomba sponji. Ukimtenga peke yake utajipa kazi ya tangi zima kwa ajili ya samaki mmoja.

Kifaranga mmoja tangini kwa barbi au malaika-samaki: kisanduku cha nje leo hii, na kama huna, wavu wa ndani.

Ishirini na zaidi wa kuzaa hai: tangi la lita 20. Kama hutakuwa nyumbani mchana, wape mlo asubuhi, jioni na kabla ya kuzima taa. Milo mitatu midogo inawatosha. Usifidie kwa kumwaga kingi asubuhi.

Vifaranga wa danio au tetra wanaonata kwenye kioo: tangi lake au usihangaike. Visanduku haviwazuii. Wahamishe kwa kidondoshi au kijiko kirefu wakiwa ndani ya maji, kamwe si kwa wavu. Ngozi yao haijakomaa, na wavu huwakunja.

Sikilidi wanaolinda watoto: usiwaguse, ila waondoe samaki wengine au weka kizuizi cha kioo kati yao. Wazazi wakianza kula watoto au kupigana, fyonza vifaranga kwa bomba la upana wa milimita 10 hivi hadi kwenye tangi la pembeni.

Kuwarudisha

Umri hauhusiki, kipimo ni mdomo. Mtazame samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko wote tangini wakati anapoupanua kula: kifaranga arudi pale kimo cha mwili wake, mgongo hadi tumbo, kinapozidi upana huo. Kwa gapi kati ya gapi wenzao, sentimita 1.5 inatosha, na kwa chakula kizuri hufika hapo kwa takriban wiki nne hadi sita.

Kabla ya hapo, tenga jinsia. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne pezi la chini la dume wa gapi huanza kuchongoka na kuwa kama kijiti, wakati la jike hubaki pana lenye umbo la feni, na doa jeusi huonekana nyuma ya tumbo lake. Ukichelewa wiki mbili, kila jike utakayemrudisha anaweza kuwa tayari amebeba mbegu.

Siku ya kuhamisha, walishe wakubwa washibe, sogeza mapambo kidogo ili wenye maeneo yao wavurugike, kisha acha chupa yenye vifaranga ielee juu ya maji kwa dakika 20, ukiongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano. Wamwage karibu na rundo la mimea, zima taa, na sponji ya bomba ibaki palepale kwa mwezi mmoja zaidi.